Sauti ya Mongina, Mdomo wa Bilhah

Kuna watu wanaokwenda kwa daktari ili wapone. Mongina alikwenda ili alipize kisasi. Ni heri tuliseme hilo mapema, maana yeye mwenyewe hakumficha mtu ila daktari, na hata daktari nadhani alishuku.

Alikuwa fundi wa nguo pale Litein, mlango wa tatu ukitoka stendi ya bodaboda, mwanamke wa miaka thelathini na minne, binti wa mzee Nyang'au na marehemu Phelis. Wazazi wake walitoka Kisii wakiwa vijana, wakachuma chai ya kampuni kule Kericho hadi vidole vikaota sugu, kisha wakapata kishamba chao nje ya mji na kupanda majani yao wenyewe. Mongina alizaliwa hapo, akasomea hapo, akajifunza cherehani hapo. Alijaliwa vitu viwili ambavyo hakuna aliyeweza kuvipita bila kugeuka. Cha kwanza kilikuwa sauti. Cha pili kilikuwa taya.

Taya lake la chini lilitangulia la juu kwa upana wa kidole kizima. Meno ya chini yalikaa nje, ya juu yakajificha ndani, mdomo wa chini ukatokeza na katikati ya uso pakabonyea. Hindi la kuchoma hakuwahi kuliuma. Alilipukuchua kwa kucha na kula punje moja moja huku wenzake wakiwa wamemaliza la pili. Nyama ilikuwa vita. Lakini mambo ya kula alishayazoea tangu utotoni. Asichokizoea ni midomo ya watu.

Mwalimu Ogoti ndiye aliyempa jina la Droo. Ogoti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, mwanamume wa suti za kubana na viatu vinavyong'aa hata msimu wa matope. Muziki aliujua kweli kweli, siwezi kumnyima hilo. Siku moja mazoezini Mongina alicheka, na Ogoti akagonga meza kwa fimbo yake na kumwambia mbele ya watu wote afunge droo kazi iendelee. Kwaya nzima ikavunjika mbavu. Kuanzia hapo hata watoto wa shule ya Sabato walimwita Droo, na Mongina akaanza kufunika mdomo kwa kiganja kila alipozungumza.

Hata hivyo, jina la utani halimpeleki mtu kukatwa mifupa. Kilichompeleka ni wimbo.

Phelis alikuwa amekufa miaka kumi kabla ya kukatwa huko, ghafla, katikati ya majani yake, kikapu kikiwa mgongoni. Baada ya mazishi kikapu kile kilirudishwa nyumbani kikaangikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kukigusa. Mongina akatunga wimbo. "Mama, kikapu chako kimebaki," ndivyo ulivyoanza, "nani atakibeba?" Ulikuwa na beti tatu, na ubeti wa pili ulipanda juu mahali ambapo waimbaji wengi hukwama. Ogoti alipousikia mara ya kwanza alitoa leso na kufuta macho, kisha akasema lazima urekodiwe.

Sasa asiyejua mambo ya kwaya za huku kwetu aelezwe. Kwanza kwaya huenda studio, ikaimba, sauti zikanaswa. Baada ya wiki kadhaa huvaa sare, ikaenda kusimama katikati ya chai ya watu, spika ikafunguliwa, wimbo ule ule ukapigwa, na kila mtu akachezesha mdomo mbele ya kamera. Picha na sauti haviji siku moja. Hakuna anayeona ubaya. Ndivyo kila kwaya inavyofanya.

Studio, Ogoti alimsimamisha Mongina peke yake kwenye maikrofoni, na Mongina akamwimbia mama yake mpaka yule fundi wa mitambo akasahau soda yake. Siku ya picha alifika amevaa sare aliyoishona mwenyewe, yake na za wenzake thelathini na mmoja. Ogoti akamvuta kando, nyuma ya spika.

"Sauti yako tayari tunayo," akamwambia. "Leo tunataka sura."

Kisha akamwita Bilhah. Bilhah alikuwa mrefu, meno yamepangwa, mashavu yana vishimo, na sauti yake ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta. Akasimamishwa mbele peke yake. Spika ikafunguliwa, sauti ya Mongina ikatoka, na Bilhah akaifungulia mdomo. Alifanya vizuri. Ubeti wa pili alilia machozi halisi, akamlilia mama wa Mongina, na huyo mama yake Bilhah yuko hai hadi leo, anauza ndizi Sotik. Mongina alitazama yote akiwa nyuma ya spika, na alichomeza siku hiyo hakikuwa mate peke yake.

Video ikasambaa. Miaka tisa wimbo ulipigwa kwenye simu za watu, kwenye vibanda vya chai, kwenye matanga ya Litein na Sosiot na ng'ambo kule Kisii. Kwaya ilipoalikwa msibani, Ogoti alibeba wimbo kwenye kidude cha flashi, akauchomeka kwenye spika, na Bilhah akafungua mdomo. Bilhah akawa mtu. Angeweza kusema neno moja tu, hata kwa kunong'ona, kwamba sauti si yake. Hakusema. Siku moja alikuwa kwenye kibanda cha Mongina akipimwa gauni jipya la kwaya, na mteja mwingine akamshika mkono akamwambia sauti yake ilimfariji alipofiwa na mume. Bilhah akainamisha kichwa.

"Ni neema tu, mama," akajibu.

Mongina alikuwa amepiga magoti chini akikunja pindo, pini nne zikiwa katikati ya midomo yake. Alizibana pini zile kwa nguvu mpaka moja ikamtoboa. Nasema bila kuzunguka: siku hiyo ndipo alipomchukia Bilhah, na hakuwahi kuacha.

Basi aliposikia kutoka kwa daktari wa meno kwamba taya kama lake linaweza kurudishwa, hakuuliza kama kuna maumivu. Aliuliza itachukua muda gani. Kwanza alivishwa nyaya za meno karibu miaka miwili, na nyaya zile, badala ya kumpendeza, zilinyoosha meno ili yafuate mifupa yao, na taya likaonekana limetoka zaidi. Ogoti hakuacha hiyo ipite. Alisema droo sasa imefungwa waya na bado haifungiki. Mongina alitabasamu nyuma ya kiganja, akaiweka hiyo pamoja na zile nyingine.

Daktari wa upasuaji aliitwa Nyaguthii, mwanamke mfupi, mpole, asiyependa kupamba maneno. Hospitali yake ilikuwa mbali na Litein, jambo lililomfaa Mongina sana. Nyaguthii alimweka mbele ya picha za kichwa chake na kumweleza kwamba taya la chini litakatwa pande zote mbili na kurudishwa nyuma, la juu litaletwa mbele kidogo, na vyuma vidogo vitashikilia. Mfupa, alisema, ukiuambia nenda, unakwenda milimita ulizoutuma. Nyama ya uso haitumwi. Ngozi ya kidevu itafuata mfupa karibu hatua kwa hatua. Mdomo wa chini utarudi, lakini pungufu. Mdomo wa juu utafuata nusu ya safari, zaidi au chini. Pua inaweza kuinuka ncha na kupanuka pembeni, nao watatia uzi ndani kuizuia, lakini haapi. Chini ya kidevu, pale panapoanza shingo, nyama inaweza kujikusanya. Na mdomo wa chini unaweza kufa ganzi, kwa miezi, au kwa maisha.

Mongina alielewa yote kuliko wagonjwa wengi. Alimwambia daktari kwamba hata gauni ni hivyo: ukipunguza bitana inchi moja, kitambaa cha juu hakipungui inchi moja, kinaanguka kinavyotaka, na fundi mwenye akili hukiacha kilale kwanza kabla ya kukihukumu. Nyaguthii alicheka, akasema na uso pia ni hivyo, usihukumiwe kabla ya mwaka kuisha. Kisha akamuuliza kwa nini hasa anataka kufanyiwa.

"Nitafune nyama," Mongina akasema.

Hakuwa na mwaka wa kungoja. Operesheni ilikuwa mwishoni mwa Aprili, na makambi ya kanisa ni Agosti, pale watu kutoka pande zote wanapokusanyika chini ya mahema siku nane. Alikuwa amepanga kuingia makambini na uso mpya, amwendee Ogoti wote wakisikia, na kumwambia: sura ndiyo hii, niweke mbele niimbe wimbo wangu. Hilo tu. Aimbe wimbo wa mama yake kwa mdomo wake mwenyewe, Ogoti na Bilhah wakitazama. Litein aliaga kwamba anakwenda Sotik kumuuguza shangazi yake Lenah. Baba yake peke yake ndiye aliyejua ukweli.

Ukweli wenyewe ni kwamba Lenah ndiye aliyemuuguza yeye. Siku ya tatu baada ya kisu uso ulikuwa umeumuka kama unga wa mandazi, macho yamebaki vijistari, hakuna kidevu wala shavu wala shingo, vyote kitu kimoja. Wekundu na weusi wa damu iliyovilia ukateremka shingoni, ukageuka manjano, ukaisha. Taya la juu na la chini yalishikanishwa kwa vimpira, na chakula kilikuwa uji na supu ya maharagwe iliyochujwa mara mbili. Alikonda hadi sketi zake zikamzunguka. Uvimbe uliondoka kwa ubishi: kwanza machoni, halafu mashavuni, na mwisho kabisa mdomo wa juu na pembeni mwa pua. Kila asubuhi aliamka amevimba, jioni akawa afadhali. Ilikuwa kama uso unamjaribishia sura za watu mbalimbali kabla haujaamua.

Wiki ya kumi aliona alichopewa. Midomo ilikutana. Kwa mara ya kwanza maishani midomo yake miwili ilikutana bila kulazimishwa, na kidevu kikakaa chini yake kwa adabu. Mashavu yalijaa palipokuwa pamebonyea. Chini ya kidevu palikuwa na kijikunjo kidogo cha nyama, kama daktari alivyosema. Na pua ilikuwa imepanuka. Pua nyembamba ile, aliyoirithi kwa Phelis, ambayo watu wa kwao waliitambua kabla hata ya kuuliza jina, haikuwa tena yake. Alilia kwa ajili ya pua siku nzima, kisha akaacha. Mdomo wa chini ulikuwa umelala fofofo. Aliweka pini pale kwa mazoea, ikaanguka, wala hakujua mpaka alipoiona chini. Mate nayo yalimtoka bila taarifa, ikabidi atembee na leso.

Mwezi wa Julai, mchana, alikuwa amekaa uani kwa shangazi Lenah akitoa mawe kwenye maharagwe, kitambaa kichwani, Lenah akiwa amepeleka majani ya chai kituo cha kununulia. Lango likafunguliwa, akaingia Mwalimu Ogoti.

Mongina alingoja lile jicho analolijua, lile linaloshuka kidevuni na kukaa hapo. Halikushuka. Ogoti alimtazama machoni, akanyoosha tai yake. Katika miaka yote ya kwaya hakuwahi kumnyooshea tai.

"Habari ya hapa, dada," akasema. "Natafuta Mongina, ule fundi wa Litein. Niliambiwa ako kwa anti yake."

Alidhani ni mzaha wa Ogoti. Kisha akaona kwamba si mzaha, kwamba mwalimu hamjui, na kitu kikapoa ndani yake. Akazungumza kwa sauti ya chini, midomo karibu imefungwa ili nyaya zisionekane.

"Ametoka. Mimi ni mgeni tu. Kuna neno nimwambie?"

Ogoti akavuta kigoda akakaa, tena bila haraka. Alieleza kwamba makambi ya mwaka huu yana mchungaji mpya, Obure, mtu mgumu, na Obure amepiga marufuku kuchezesha midomo juu ya nyimbo zilizorekodiwa. Kila kwaya iimbe kwa mdomo wake. Na ratiba imeshachapishwa: Sabato ya mwisho, alasiri, Kikapu Chako Kimebaki. Bilhah ubeti wa pili hauwezi, hata wa kwanza ni taabu. Kwa hiyo Mongina atasimama nyuma ya spika kubwa na maikrofoni isiyo na waya, aimbe, na mbele kila kitu kitakuwa kama kawaida.

Mgeni akauliza kwa nini huyo Mongina asiimbe mbele tu.

Ogoti alicheka, si kwa ubaya hata, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana. "Wewe hujamuona. Mungu alimpa huyo dada sauti, halafu akifika kwa uso akachoka. Ukimuweka mbele watu wanasahau wimbo, wanaanza kuhesabu meno." Akamtazama tena, akainama kidogo. "Lakini wewe, kama unaimba hata kidogo tu, kuja Litein. Sura kama hii ni ya mstari wa mbele."

"Mimi siimbi," Mongina akasema. "Lakini Mongina nitamwambia. Atakuja."

Ogoti akaacha nambari yake, akaondoka ameridhika. Mongina akarudi kwenye maharagwe yake, na baada ya muda akagundua kwamba mawe yote aliyoyatoa ameyarudisha.

Lenah alipopata habari alisema jambo la busara, kama kawaida yake. Alimshauri aende kwa Mchungaji Obure kimya kimya, aeleze, awekwe mbele, aimbe, yaishe. Uso anao, sauti anayo, wimbo ni wake, nini zaidi?

"Anti, nafasi siitaki tena," Mongina akasema. "Nataka waonekane walivyo."

Kama Ogoti angekuja siku ile akamtambua, akamwambia neno moja jema, nadhani wangepatana. Hata Mongina alikiri hivyo baadaye. Lakini alikuwa amesikia kwa masikio yake anavyosemwa asipokuwepo, na amesifiwa kwa pumzi hiyo hiyo na mtu yule yule. Hakuna dawa ya hiyo.

Kilichobaki ni kama mdomo utatii. Daktari alimpa zoezi la kufungua kinywa na kupima kwa vidole vilivyosimama katikati ya meno. Mwanzoni hakikuingia hata kimoja. Julai vikaingia viwili. Ubeti wa pili, kwa hesabu yake, ulihitaji vitatu. Kila asubuhi alikwenda mwisho wa shamba la Lenah, akasimama katikati ya chai iliyolowa umande, akafungua mpaka masikio yakamuuma. Sauti ilikuwepo, nzima, haikuguswa na kisu. Shida ilikuwa maneno. Mama, kikapu, kimebaki: yote yanataka midomo ikutane, na mmoja wao alikuwa hausikii kama umefika. Akajifunza upya kwa kuushika kwa kidole, kama unavyomwongoza kipofu.

Siku moja jirani, Chepngeno, alikuwa akichuma upande wa pili wa ua, akainua kichwa akamsifu. Alimwambia anaimba vizuri, amekaribia kabisa kumfikia yule Bilhah wa Litein. Alisema kwa moyo mweupe. Mongina akamshukuru, na siku hiyo akafanya zoezi mara mbili.

Wiki ya pili ya Agosti vidole vitatu viliingia.

Sabato ya mwisho jua lilitoka baada ya mvua ya asubuhi, na mahema yalijaa hadi watu wakasimama kwenye nyasi. Mongina alikuwa amemtumia Ogoti ujumbe kwamba atafika moja kwa moja nyuma ya spika, hataki kuonana na mtu. Ogoti aliamini mara moja, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Mongina, kuingia wa mwisho na kujificha. Maikrofoni aliikuta juu ya kiti, kama walivyokubaliana. Alikaa hapo, shuka mabegani, akaisikiliza kwaya ikipanda jukwaani kwa sare zake za kijani, kila mshono wa mikono yake. Bilhah akashika maikrofoni iliyozimwa. Ogoti akainua mkono.

Ubeti wa kwanza Mongina aliuimba akiwa nyuma ya spika, na aliuimba vizuri kuliko studio, kwa sababu sasa alikuwa na mengi zaidi ya kusema. Watu wakaanza kufuta macho. Bilhah mbele akafungua na kufunga, vishimo mashavuni, mkono kifuani. Kila kitu kilikuwa kama kawaida.

Ubeti wa pili ulipoanza, Mongina aliangusha shuka na kutoka.

Alitembea polepole, maikrofoni mdomoni, akiimba, mpaka katikati ya jukwaa, mbele kabisa. Kwanza watu hawakuelewa. Walimwona mwanamke mgeni, mzuri, mwenye nyaya za meno, akiimba kwa sauti ya Bilhah, na nyuma yake Bilhah naye akiimba kwa sauti hiyo hiyo. Wakaulizana ni nani huyo. Hata wanakwaya, ambao sauti waliijua, uso hawakuutambua. Aliyejua ni Ogoti. Alimtambua yule mgeni wa Sotik aliyekuwa akitoa mawe kwenye maharagwe, kisha, hatua moja nyuma, akaelewa yule mgeni alikuwa nani, na Mongina alikiona kichwa chake kikirudi siku ile na kukumbuka kila neno alilolisema. Kwa hilo peke yake angekubali kukatwa taya mara ya pili.

Akapanda kule juu. Vidole vitatu. Sauti ikafika, ikakaa. Na hapo, katikati ya mstari, kabla ya neno kuisha, akafunga mdomo.

Mdomo wa Bilhah uliendelea.

Uliendelea maneno matano au sita, kwa mazoea ya miaka tisa, ukifunguka na kufungika, na hakuna kilichotoka. Mtoto mmoja akacheka. Kisha wakacheka wengine. Mkono wa Ogoti ulibaki juu, hajui aushushe vipi.

Mchungaji Obure akasimama. Aliuliza kwa upole kabisa huyu dada ni nani.

"Mimi ni Mongina, binti ya Phelis," akasema kwenye maikrofoni. "Ndiye mnayemuita Droo. Mama aliyekufa ni wangu, wimbo ni wangu, na sauti ni yangu, hata kwa video. Miaka tisa sauti yangu imetoka kwa spika, mimi nikiwa nyuma."

Wanawake wengine walianza kulia, na huko nyuma mtu akapiga makofi. Mchungaji alimsihi basi amalizie, mkutano wote umsikie. Angeweza. Hiki ndicho alichokitaka tangu mwanzo, mbele ya watu wote, mdomo wake mwenyewe. Badala yake alimwendea Bilhah, akaitoa ile maikrofoni bubu mkononi mwake, akamwekea iliyo hai.

"Mwenye mdomo amalizie," akasema.

Na kwa kuwa watu elfu mbili walikuwa wakimtazama, na kwa kuwa hakujua la kufanya jingine, Bilhah akaimba. Aliimba ubeti wa tatu wote. Sauti ilikwama, ikapasuka, ikatafuta njia, ikakosa. Aliita mama kwa noti isiyokuwepo. Mongina alisimama hatua mbili kutoka kwake na kumtazama bila kupepesa, na raha aliyoisikia ilikuwa tamu kiasi kwamba hakujua mate yanamtiririka kidevuni mpaka mama mmoja mstari wa mbele alipomwonyesha kwa ishara ajipanguse. Hakujipangusa. Alitaka kusikia mpaka neno la mwisho, na akasikia.

Ogoti aliacha kwaya mwezi huo, na Januari akaomba uhamisho wa shule. Bilhah anasali kwingine. Hapiti tena mlango wa tatu kutoka stendi, anazungukia nyuma ya soko. Mwaka ulipotimia Daktari Nyaguthii alimpiga Mongina picha za ubavuni, akaziweka sambamba na za zamani, akasema uso sasa umetulia, hivi ndivyo utakavyokuwa. Mdomo wa chini uliamka upande wa kulia tu. Nyama anatafuna.

Kumbukumbu ya Phelis ilipofika, mzee Nyang'au alikaa kizingitini na kikombe chake cha chai, akamwambia bintiye kwamba tangu atoke hospitali hajawahi kumwimbia ule wa mama. Amwimbie sasa, wako wawili tu. Mongina akaweka chini kitambaa alichokuwa akikipiga pasi, akasimama, akafungua kinywa. Alijaribu kumwona mama yake katikati ya majani, kama alivyomwona kila mara. Aliyemjia ni Bilhah, na ile sauti iliyopasuka, na watu wakicheka. Akafika neno la tatu akanyamaza. Akajaribu tena, na aliyemjia akawa yule yule.

"Baba, huo umeisha," akasema.

Mzee hakumlazimisha. Alimaliza chai yake na kwenda kufunga ng'ombe. Ukimuuliza Mongina leo kama anajuta, atakujibu haraka, kabla hujamaliza kuuliza, kwamba angefanya vile vile tena. Wimbo wenyewe hakuna anayeuimba, si kwaya, si msibani, wala yeye.